Maandazi ya Tabaka ya Denmark: Siagi, Hamira na Matunda Mbele ya Joto

Mpishi wa chapati hupaka mafuta juu ya duara la unga alilolisukuma, hulikunja mfano wa mkeka, huuzungusha mkunjo huo kama konokono, kisha husukuma upya. Chapati ikiiva huchambuka tabaka baada ya tabaka. Hakuna kilichofanyika hapo isipokuwa kuutenganisha unga na unga kwa utando mwembamba wa mafuta. Kanuni hiyo hiyo imefikishwa mbali sana katika andazi moja la Ulaya ya Kaskazini, ambalo watu wa Denmark huliita wienerbrød, maana yake mkate wa Vienna. Ni andazi la unga wa ngano na hamira, lililokunjwa pamoja na siagi mara kadhaa, likajazwa matunda yaliyopikwa kwa sukari, kisha likaokwa.

Kuhusu jina hilo, husimuliwa kwamba mwaka 1850 wafanyakazi wa viwanda vya mikate mjini Copenhagen waligoma, na waajiri wao wakaleta waokaji kutoka nchi za nje, wakiwamo wa Austria, ambao walikuja na desturi yao ya kukunja siagi ndani ya unga. Mgomo ulipokwisha, waokaji wa Denmark waliishika desturi hiyo, wakaongeza siagi na kuibadili kwa namna yao. La kuchekesha ni kwamba huko Vienna kwenyewe andazi hilo huitwa la Copenhagen. Siagi nayo haikuwa na shida kupatikana. Katika karne ya 19 wakulima wa Denmark waligeukia ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, na mwaka 1882 chama cha ushirika cha kwanza cha kusindika maziwa kilianzishwa katika kijiji cha Hjedding, magharibi ya nchi hiyo. Vyama hivyo vilienea upesi, na siagi ya Denmark ikawa bidhaa kubwa ya kuuzwa nje.

Andazi hili lafaa kwa somo kwa sababu ndani yake mna mambo mengi ya silabasi ya sekondari: protini, uchachu, mabadiliko ya hali za maada, asidi na hesabu ya vipeo. Aidha, ni andazi gumu kufanikiwa katika nchi za joto, na sababu za ugumu huo zaweza kupimwa kwa kipimajoto.

Vipimo na unga

Kwa jaribio la nyumbani au la darasa la sayansikimu, vyatosha gramu 500 za unga wa ngano, mililita 250 za maziwa baridi, yai moja, gramu 50 za sukari, gramu 7 za hamira kavu, gramu 8 za chumvi, gramu 50 za siagi ya kukandia, na kijiko kidogo cha iliki iliyosagwa. Waokaji wengi wa Denmark hutia iliki kama watiavyo wapishi wa mahamri wa pwani ya Afrika ya Mashariki. Vitu hivyo vikikandwa hutoa kinyunya cha karibu gramu 920. Mbali na hivyo huwekwa pembeni gramu 300 za siagi ya kukunjia, ambayo ndiyo kiini cha kazi nzima.

Unga wa ngano hautumiki hapa kwa mazoea tu. Una protini mbili, gliadini na glutenini, ambazo zikilowa maji na kukandwa huungana na kufanya wavu mmoja uitwao gluteni. Gliadini huupa wavu huo uwezo wa kutandazika, na glutenini huupa uwezo wa kurudi ulipokuwa kama mpira. Mtu wa kwanza kuieleza gluteni kisayansi alikuwa Jacopo Bartolomeo Beccari wa Bologna, Italia, aliyetoa mhadhara juu yake mwaka 1728. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1745. Jaribio lake laweza kurudiwa katika shule yoyote yenye bomba la maji. Mwanafunzi akande gramu 100 za unga wa ngano kwa mililita 60 za maji, aliache donge lipumzike ndani ya bakuli la maji kwa nusu saa, kisha alifinye polepole chini ya maji yanayotiririka taratibu. Maji yatatoka meupe kama maziwa. Tone la ayodini litayageuza rangi ya buluu nyeusi, ushahidi kwamba kilichotoka ni wanga. Mkononi kitabaki kitu cha rangi ya kijivu, chenye kunata na kuvutika, uzito wake ukiwa karibu gramu 30 kikiwa kibichi. Jaribio lifanywe tena kwa unga wa mahindi au wa muhogo. Hakitabaki kitu mkononi, na hapo mwanafunzi atafahamu kwa nini unga wa sembe hauwezi kusukumwa ukawa mwembamba kama karatasi.

Ni protini kiasi gani iliyomo ndani ya unga? Swali hili lilijibiwa kwa njia inayotumika hata leo na mwanakemia wa Denmark, Johan Kjeldahl, mwaka 1883. Kjeldahl alifanya kazi katika Maabara ya Carlsberg, iliyoanzishwa mjini Copenhagen mwaka 1875 na mwenye kiwanda cha bia, J. C. Jacobsen, na shida yake ilikuwa protini ya shayiri. Alichemsha sampuli ndani ya asidi kali ya salfa mpaka naitrojeni yote ikageuka kuwa chumvi ya amonia. Akatia alkali, akaitonesha amonia iliyotoka, akaipima kwa titresheni. Protini ya ngano ina naitrojeni takriban sehemu moja kwa kila sehemu 5.7 za uzito wake. Kwa hiyo, unga unaotoa naitrojeni asilimia 1.93 una protini asilimia 1.93 × 5.7, yaani 11. Unga wa kadiri hiyo ndio ufaao kwa maandazi ya tabaka. Wenye protini chache huraruka ukisukumwa, na wenye protini nyingi mno hujikunja na kurudi nyuma, ukamchosha msukumaji.

Kurudi huko nyuma hutibiwa kwa subira. Wavu wa gluteni uliovutwa huwa na mkazo. Ukiachwa nusu saa, baadhi ya viungo vyake huachana na kuungana upya, na mkazo hupungua. Hii ndiyo sababu kila baada ya kukunja mara moja kinyunya hufunikwa na kuwekwa mahali pa baridi. Mpishi mwenye haraka hutumia nguvu badala ya muda, na nguvu hizo huupasua utando wa unga, siagi ikachomoza.

Hesabu ya tabaka

Kinyunya kilichopumzika husukumwa kikawa pande la mraba. Siagi ya kukunjia hupondwapondwa kwa mti wa kusukumia ikawa bamba la unene ulio sawa, huwekwa juu ya unga, na unga hukunjwa juu yake pande zote kama barua ndani ya bahasha. Sasa kuna tabaka mbili za unga na moja ya siagi katikati. Bamba hilo husukumwa likawa refu, kisha hukunjwa mara tatu kama shuka.

Mwanafunzi ahesabu. Baada ya mkunjo wa kwanza siagi ina tabaka 3. Unga ulipaswa kuwa na 6, lakini mahali mawili unga hugusana na unga na kuungana, hivyo zinabaki 4. Mkunjo wa pili hutoa tabaka 9 za siagi na 10 za unga. Wa tatu hutoa 27 za siagi na 28 za unga. Kwa ujumla, mikunjo n hutoa tabaka za siagi zilizo 3 kwa kipeo cha n, na za unga zikizidi kwa moja. Ukuaji wa namna hii ni wa kasi kuliko akili inavyotazamia: mikunjo sita, ambayo waokaji wa Ufaransa huitumia kwa kinyunya kisicho na hamira, hutoa tabaka 729.

Je, kwa nini andazi la Denmark huishia mikunjo mitatu? Jibu limo katika unene. Gramu 300 za siagi hushika karibu sentimita za ujazo 330, na kinyunya cha gramu 920 hushika karibu 760. Jumla ni 1,090, ambamo siagi ni asilimia 30. Ujazo huo ukisukumwa mpaka unene wa milimita 5 hutoa pande la sentimita za mraba 2,180, lenye kutosha maandazi 20 hivi ya sentimita 10 kwa 10. Ndani ya milimita 5 hizo siagi ina milimita 1.5, ambayo ikigawanywa kwa 27 hutoa milimita 0.056 kwa kila tabaka. Hiyo ni karibu nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Kama mikunjo ingekuwa sita, kila tabaka la siagi lingekuwa na milimita 0.002 tu. Viputo vya hamira ni vikubwa kuliko hivyo mara nyingi. Vingeutoboa utando huo kila mahali, siagi ingechanganyika na unga, na matokeo yangekuwa mkate mtamu wa kawaida, wenye ladha nzuri lakini usio na tabaka hata moja.

Siagi na joto la pwani

Hapa ndipo maandazi mengi huharibikia, na vitabu vya mapishi vilivyoandikwa katika nchi za baridi aghalabu hupita pasipo kusema neno, kwa kuwa waandishi wake hawajapata kusukuma unga mwezi wa Februari mjini Tanga.

Siagi si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mafuta ya namna nyingi, mengine yakiyeyuka chini ya sifuri ya Sentigredi na mengine yakingoja mpaka karibu digrii 40. Kwa sababu hiyo siagi haina kiwango kimoja cha kuyeyuka kama kilivyo cha barafu. Katika digrii 5 ni ngumu na huvunjika kama chaki. Baina ya digrii 13 na 18 hivi, sehemu yake imeganda na sehemu ni majimaji, na fuwele zake huteleza moja juu ya nyingine. Wakati huo hufinyangika kama udongo wa mfinyanzi ulioiva kwa maji. Ikifika 25 huwa laini mno, na katika digrii 35 hivi yote huwa imeyeyuka. Andazi la tabaka huwezekana tu katika ile nafasi ya kati. Siagi ikiwa baridi mno hukatika vipande ndani ya unga, na tabaka huwa na mapengo. Ikiwa na joto mno hupenya ndani ya unga, na tabaka hutoweka. Kipimo chepesi ni kulipinda bamba la siagi: linapaswa kupinda bila kupasuka, na kidole kikilibonyeza kiache alama bila kung'aa mafuta.

Njombe na Lushoto mwezi wa Julai, asubuhi huweza kutoa hali hiyo bila msaada wowote. Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, ambako joto la mchana katika miezi ya kaskazi hupita digrii 30, lazima baridi itafutwe. Njia ya kwanza ni kuanza na vitu baridi, na faida yake yaweza kukadiriwa kwa hesabu ya joto. Kupandisha gramu moja ya unga kwa digrii moja huhitaji jouli 1.8 hivi, na gramu moja ya maziwa jouli 3.9. Gramu 500 za unga huhitaji basi jouli 900 kwa kila digrii, na mililita 250 za maziwa karibu 1,000. Unga ukiwa na digrii 30 na maziwa yaliyotoka katika jokofu yakiwa na digrii 4, joto la mchanganyiko ni (900 × 30 + 1,000 × 4) ÷ 1,900, yaani digrii 16 hivi. Kukanda huongeza digrii chache kwa msuguano, lakini kinyunya hubaki chini ya hatari. Maziwa kidogo yamefanya kazi kubwa kuliko unga mwingi, kwa kuwa maji yaliyomo ndani yake huhitaji joto jingi ili kupanda digrii moja.

Njia nyingine ni kufanya kazi alfajiri. Kusukuma kwa chupa ya kioo iliyojazwa maji ya barafu badala ya mti. Na kutandaza juu ya jiwe laini au bati pana lililopozwa, kwa sababu vitu hivyo hupitisha joto upesi na huliondoa ndani ya unga, ilhali ubao hulizuia. Asiye na jokofu aweza kutumia sanduku lenye barafu, bamba la unga likifungwa ndani ya mfuko usiopenya maji. Kila mkunjo ufanywe kwa dakika tano au sita, kisha kinyunya kirudi kwenye baridi kwa nusu saa. Mikono yenyewe ina zaidi ya digrii 30, hivyo kadiri isivyogusa ndivyo bora.

Samli, ambayo hupatikana kila mahali, haiwezi kushika nafasi ya siagi. Imekwisha kuondolewa maji, nayo siagi ina maji asilimia 16 hivi. Umuhimu wa maji hayo utaonekana andazi likiingia ndani ya oveni.

Hamira

Hamira ni kiumbe hai chenye seli moja, na chakula chake ni sukari. Isipopata oksijeni ya kutosha huigeuza glukosi kuwa alkoholi na hewa ya kaboni dayoksaidi, kila molekuli ya glukosi ikitoa mbili za alkoholi na mbili za kaboni dayoksaidi. Kutokana na hesabu ya moli, gramu moja ya glukosi hutoa karibu mililita 275 za hewa katika digrii 30. Hapa tena Maabara ya Carlsberg huingia katika historia. Mwaka 1883, mwaka ule ule wa njia ya Kjeldahl, mwenzake Emil Christian Hansen alifaulu kuotesha hamira ya bia iliyotokana na seli moja tu, na kwa hiyo ikawa safi, isiyochanganyika na hamira za mwituni. Utengenezaji wa hamira safi viwandani umesimama juu ya msingi huo.

Hamira hufanya kazi kwa nguvu baina ya digrii 30 na 35. Lakini katika joto hilo siagi huwa imekwisha kuyeyuka! Andazi hili lina mabwana wawili wasiopatana, mmoja akitaka joto na mwingine baridi. Waokaji husuluhisha kwa kumpendelea siagi. Kinyunya kikunjwapo hamira hulazwa kwa baridi. Na maandazi yakishakatwa na kujazwa matunda huachwa yaumuke mahali pasipozidi digrii 26, kwa saa moja hadi mbili. Pwani, mahali hapo ni chumba chenye feni usiku, au sufuria pana lenye kifuniko lililowekwa juu ya karai la maji baridi. Kitambaa kibichi juu yake husaidia pia, maji yakivukizwa huchukua joto. Mpishi akiona mafuta yanachuruzika chini ya andazi kabla halijaokwa, ajue kwamba pameshakuwa na joto kupita kiasi.

Ndani ya oveni

Oveni yapasa iwe na digrii 200 hadi 220 kabla maandazi hayajaingia. Watu wengi hudhani kwamba andazi hufura kwa sababu hewa iliyomo hutanuka kwa joto. Kanuni ya Charles huonyesha kwamba dhana hiyo haitoshi. Hewa ikipashwa kutoka digrii 27 hadi 100, yaani kutoka Kelvini 300 hadi 373, ujazo wake huongezeka kwa robo tu. Andazi la tabaka hupanda zaidi sana ya hapo. Hamira huongeza mchango wake wa mwisho kabla haijafa kwenye digrii 55 hadi 60, na kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka ndani ya maji ya unga hutoka. Lakini nguvu kubwa ni mvuke. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke kwa digrii 100 hushika karibu lita 1.67. Gramu 300 za siagi zina maji gramu 48, yenye kutoa lita 80 za mvuke, na maji yaliyomo katika unga hutoa mwingine. Sehemu kubwa hutoroka, bila shaka; sehemu ndogo inayonaswa kati ya tabaka yatosha kuziinua. Mafuta yaliyoyeyuka hufanya kazi ya mlinzi: huzuia unga wa tabaka moja usishikamane na wa tabaka jingine mpaka mvuke uwe umeshapita kati yao.

Kisha gluteni hukauka na wanga huvimba na kushikana, na jengo husimama. Oveni yenye joto dogo huharibu mpangilio wa matukio hayo, maana siagi huyeyuka na kutiririka kabla mvuke haujawa wa kutosha. Yule anayeoka kwa mkaa, kwa sufuria lenye makaa juu na chini, ajaribu kwanza kwa kunyunyiza unga mkavu juu ya bati: ukigeuka rangi ya hudhurungi baada ya dakika chache, joto limetosha.

Rangi ya juu hutokana na protini na sukari kuungana kwa joto, tukio lililoelezwa na Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Huenda kasi uso ukipita digrii 140 hivi, nao hauwezi kupita 100 ukiwa bado una maji mengi. Ndiyo maana ndani ya andazi hubaki peupe. Yai lililopakwa juu huongeza protini, na hivyo rangi. Dakika 15 hadi 18 hutosha kwa andazi la sentimita 10.

Matunda

Tunda bichi halifai kuwekwa lilivyo. Embe lina maji zaidi ya asilimia 80 na nanasi vivyo hivyo, na maji hayo huingia ndani ya tabaka na kuzifanya ziwe bonge. Nanasi lina tatizo la ziada: kimeng'enya chake, bromelaini, hukata protini, na chaweza kuilegeza gluteni iliyotengenezwa kwa taabu. Papai lina papaini, yenye tabia hiyo hiyo. Kuchemsha huviharibu vimeng'enya hivyo.

Matunda basi hupikwa kwa sukari yakawa jemu nzito. Kinachoigandisha jemu ni pektini, iliyopewa jina hilo na Mfaransa Henri Braconnot mwaka 1825. Molekuli zake ndefu huogelea zikisukumana kwa kuwa zina chaji za aina moja. Asidi huzipunguza chaji hizo, sukari huyavuta maji yaliyozizunguka, nazo hushikana. Sukari yapasa ifike asilimia 60 hadi 65, na pH iwe karibu 3. Kipimo hicho cha pH nacho kilizaliwa katika Maabara ya Carlsberg, na S. P. L. Sørensen ndiye aliyekitoa mwaka 1909. Embe bivu huwa na pH ya 4 na zaidi, na papai huwa juu zaidi, hivyo yahitaji maji ya ndimu. Karakara ina asidi yake ya kutosha. Shule isiyo na karatasi za pH yaweza kutumia maji ya maua ya rozela, ambayo ni mekundu penye asidi na hubadilika penye alkali.

Mapera yana pektini nyingi, embe changa pia. Nanasi lina chache. Kupima ni rahisi. Kijiko kimoja cha maji ya tunda yaliyochemshwa na kupoa hutiwa vijiko vitatu vya spiriti. Pektini ikiwa nyingi hutokea bonge moja kama jeli. Ikiwa chache hutokea nyuzinyuzi tu. Mchanganyiko huo ni sumu na umwagwe. Ndiyo maana kuchanganya nanasi na mapera ni busara ya kikemia, mbali na utamu wake.

Vitabu husema jemu imeiva ikifika digrii 104 au 105. Hilo ni kweli Mombasa. Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji huchemka karibu digrii 94, na mpishi anayengoja 105 atapata kitu kigumu kama peremende. Kanuni ya kufuata ni digrii 4 hadi 5 juu ya kiwango cha kuchemka kwa maji mahali hapo, kwa hiyo maji matupu yapimwe kwanza.

Hata jemu nzuri hutoa unyevu. Waokaji wa Denmark hupaka kwanza mchanganyiko wa siagi na sukari uliopondwa pamoja, pengine na lozi, kisha huweka jemu juu yake. Mafuta hayapatani na maji, hivyo tabaka za chini hukingwa. Pembe nne za mraba hukunjwa kuelekea kati na kubonyezwa kwa nguvu. Zisipobonyezwa, mvuke huzifumbua.

Mafuta mengine badala ya siagi

Taabu ya joto imewafanya waokaji wengi wa biashara watumie majarini ngumu iyeyukayo kwenye digrii 40 au zaidi. Hurahisisha kazi sana, ila mdomo wa mwanadamu una digrii 37, na mafuta yasiyoyeyuka humo huganda kwenye kaakaa. Kuna jambo zito kuliko hilo. Mwaka 1902 Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza ya kugandisha mafuta ya majimaji kwa kuyatia haidrojeni mbele ya nikeli. Haidrojeni ikitiwa nusunusu, baadhi ya molekuli hubaki na kiungo maradufu lakini umbo lake hugeuka, likanyooka badala ya kupinda. Hayo ndiyo mafuta ya transi. Mwaka 1990 wataalamu wawili wa Uholanzi, Ronald Mensink na Martijn Katan, walionyesha kwamba mafuta hayo huongeza kolesteroli mbaya katika damu na hupunguza iliyo njema. Denmark, nchi ya andazi lenyewe, ilikuwa ya kwanza duniani kuyawekea mpaka kwa sheria, mwaka 2003: yasizidi gramu 2 katika kila gramu 100 za mafuta. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliyataka mataifa yote yayaondoe mafuta ya transi ya viwandani katika chakula. Si kila majarini inayo, kwani nyingine hugandishwa kwa mafuta ya mawese yasiyotiwa haidrojeni. Mnunuzi asome maandishi ya kopo. Yakitaja mafuta yaliyotiwa haidrojeni kwa sehemu, alirudishe. Siagi yenyewe si chakula cha kujaza sahani kila siku: gramu 350 zilizogawanywa kwa maandazi 20 ni gramu 17 na nusu kwa kila moja, zaidi ya kijiko kikubwa.

Andazi hili huliwa siku ile ile. Wanga ulioiva huanza kujipanga upya katika fuwele mara upoapo, na kujipanga huko huenda haraka zaidi katika digrii 4 za jokofu kuliko katika 25 za mezani; hivyo mwenye kulihifadhi ndani ya jokofu hulichakaza upesi. Lililochakaa hurudishwa ndani ya oveni kwa dakika tano. Fuwele hizo huyeyuka tena kwenye digrii 60 hivi, uso hukauka, na tabaka za juu huanza kulia chini ya kisu kama zilivyolia asubuhi.